Njia Niliyoifagia Ruiri

Tulimzika Mwalimu Gitonga Alhamisi iliyopita, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wake. Nilisoma vizuri. Nimestaafu mapema, lakini sauti ya darasani bado ninayo, na familia ilijua hivyo ndiyo maana wakanipa karatasi. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa amani. Nikasema aliketi katikati ya wakulima na wafugaji wakati wenzake walikuwa wananoa panga. Mchungaji akasema amina, akina mama wa kanisa wakatikisa vichwa, na yule kijana wa vyombo akaongeza sauti nilipofika kwenye neno amani, ati lisikike mpaka barabarani. Nilipokunja karatasi nikainua macho, nikamwona Ekai. Alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, mahali hema linapoishia na jua linapoanzia, kofia ameiweka gotini. Alikuwa amezeeka, mashavu yameingia ndani, lakini ile namna yake ya kuinamisha kichwa kidogo, ya mtu anayetazama chini hata anapokutazama wewe, ilikuwa ile ile. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka thelathini na moja. Alinitazama, kisha akatazama mbele kwenye jeneza, na mimi nikarudi kukaa kwenye kiti changu cha plastiki.

Habari za kwetu sitazieleza, hazina maana hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti changu cha kidato cha nne na sina pa kukipeleka. Mwalimu Gitonga alikuwa mwenyekiti wa kamati ya amani pale Ruiri, akanichukua niwe katibu. Katibu! Nilikuwa katibu saa mbili kwa wiki. Saa zilizobaki nilikuwa mpishi, mteka maji na mfagiaji, na nililala katika chumba kidogo kilichopakana na jiko la mke wake, Mama Mwiti, kati ya magunia ya viazi. Sikulalamika. Mwalimu alikuwa ameniahidi barua ya kunipeleka chuo cha ualimu kamati ikitimiza mwaka, na kwa barua hiyo ningebeba maji mpaka Kianjai na kurudi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga sokoni, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Kinu kikiwaka mkutano unasimama, maana hakuna aliyemsikia mwenzake, na unga unaingia kwa dirisha unatua juu ya meza, juu ya daftari langu, juu ya nywele za wazee. Ninawakumbuka wale wanaume sita wakiwa wameketi kimya, weupe wa unga, watatu wetu upande huu na watatu wafugaji upande ule, wakitafuna miraa na kungoja mashine inyamaze ili wagombane tena. Kwa nini walikuwa pale? Kwa sababu Ruiri ndipo mashamba ya juu yanapokwisha na nyanda kavu zinapoanza. Kiangazi kikiuma, ng'ombe wa chini wanapanda kutafuta maji na majani, wanaingia kwenye mahindi ya watu. Mtu wetu anakata ng'ombe mguu. Mtu wao anarudi na bunduki. Kisha ng'ombe wa mtu mwingine kabisa wanaibwa, na asiyehusika anazikwa. Mwaka uliotangulia pande zote mbili zilikuwa zimezika, ndiyo sababu zilikubali kuketi na kula unga mmoja.

Kitu pekee ambacho kamati ile ilifanya cha maana ilikuwa sheria ya nyayo. Ilikuwa hivi. Ng'ombe wakiibwa, wenyewe wanafuata nyayo bila silaha. Nyayo zikiingia katika boma la mtu au kijiji cha watu, wanaokaa hapo wanachukua kazi: ama waonyeshe nyayo zilipotokea, ama warudishe ng'ombe. Siku tatu za kutafuta. Zikipotelea kwenye barabara ya watu wote, jambo linafungwa, hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kulipiza. Ilifanya kazi, nawaambia. Miezi minane hakuna risasi iliyolia. Kina mama wetu walianza kushuka tena kuuza viazi, na maziwa ya chini yakaanza kupanda asubuhi kwenye vibuyu.

Aliyeipigania sheria hiyo upande wa wafugaji ni Ekai. Hakuwa mzee, labda miaka ishirini na minane, lakini kwao mtu anayesimama kusema mbele ya wazee hushika fimbo, na yeye alikuwa amepewa fimbo hiyo mapema kuliko rika lake lote. Kwao wengi walitaka bunduki. Yeye aliwaambia hakuna haja ya bunduki, kwamba ardhi haina kabila, nyayo zitasema. Akajiweka mdhamini: nyayo zikinyamaza, na yeye anyamaze. Jambo hilo alinieleza mwenyewe jikoni, akiwa ameegemea pale mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku ananiomba nimwondolee maharagwe kwenye sahani. Hakupenda maharagwe. Wiki ya kwanza alikuwa anachambua githeri yangu, mahindi huku, maharagwe kule, mpaka nikamwambia kama anataka chakula cha watoto aseme. Alicheka. Tangu siku hiyo nikawa namchemshia mahindi yake peke yake, na Mama Mwiti akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Kusoma hakujua. Kila mkutano ukiisha alikuja na kiti chake karibu na changu, akaniomba nimsomee nilichoandika, neno kwa neno, ndipo atie kidole gumba. Na nikikosea mwezi uliofuata, alinikumbusha nilichokuwa nimemsomea mwezi uliotangulia. Mimi nikamwambia mtu wa akili hiyo ni aibu asijue kusoma. Akasema hata mimi sijui. Akanitoa nje, nyuma ya ofisi, penye hodhi la kunyweshea ng'ombe, akaanza kunisomesha mavumbi. Ng'ombe huyu, akasema, amepita asubuhi, umande ulikuwepo, ukingo umeshikana. Huyu ana mimba, miguu ya nyuma imepanuka. Huyu wa mama yangu, tazama, kwato ya nyuma kushoto imepinda, akitembea anaacha mstari. Nilijifunza. Kufikia kiangazi niliweza kumjua yule ng'ombe wa mama yake kwa mstari wake hata akiwa ametangulia na kundi. Kama mnataka kujua kama nilimpenda Ekai, sijui. Nilijua siku zake za kuja, hilo tu.

Sasa niseme lile nililokuja kusema. Kamati ilipokaribia kutimiza mwaka, wakubwa walitangaza kwamba watakuja kutuona: mkuu wa wilaya, watu wa makanisa, na wengine wa kutoka mbali. Mwalimu Gitonga akaamua wageni wapokelewe nyumbani kwake, si kwenye kile chumba cha unga. Jioni kabla ya ziara akaniambia nifagie uwanja vizuri, na nisikomee mlangoni, nifagie na njia ya pembeni mpaka barabarani. Sikuona ajabu. Kwetu mgeni hakanyagi takataka; boma lisilofagiwa ni boma lisilo na mwanamke. Asubuhi niliamka nikavunja matawi mabichi, nikayafunga, nikaanza mlangoni. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anajua. Nilikuwa nimeshaiona ile barua. Ilikuwa mezani sebuleni, imechapwa, inangoja sahihi tu.

Nikafika kwenye kona ya banda la chini, lile la Mwiti, kifungua mimba wa Mwalimu, ambaye biashara yake ilikuwa kununua mifugo na kuipeleka mjini. Pale njia ina vumbi laini. Na kwenye vumbi kulikuwa na nyayo za ng'ombe, mbichi, ukingo umeshikana kwa umande. Walikuwa saba, nilihesabu bila kutaka. Waliingia kutoka barabarani, wakaelekea bandani, na mmoja wao, kwato ya nyuma kushoto, alikuwa ameacha mstari. Mbele ya banda kulikuwa na alama za matairi ya lori. Nilisimama. Sikuambiwa na mtu kwamba ng'ombe wa mama yake Ekai wameibwa. Habari hiyo ilikuwa bado njiani inapanda. Lakini nilijua, jinsi unavyojua jina lako. Nikageuka, na Mama Mwiti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na ungo wa mchele mikononi, anachambua mawe. Hakuwa anautazama mchele.

"Endelea tu, Karimi," akasema. "Wageni wako njiani."

Nikaendelea. Hakunishika mkono, hakunitisha, wala hakupandisha sauti. Nimejiuliza maisha yangu yote kama ningeweza kuutupa ule ufagio nikatembea mpaka ofisini, na jibu ni ndiyo, ningeweza, ni mwendo wa dakika kumi. Nilifagia mpaka barabarani. Kule barabarani ilikuwa siku ya soko, mbuzi na ng'ombe na mikokoteni ilikuwa imeshaanza kupita, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingetenga wanyama saba katika hao wote.

Wageni walikuwa wanakunywa chai na mandazi waliposimama langoni wanaume wanne wakiwa na vumbi mpaka magotini. Ekai alikuwa mbele. Walikuwa wamefuata nyayo tangu alfajiri, bila silaha, kama sheria ilivyosema, na zimewapotea hapo barabarani. Mwalimu Gitonga akainuka. Ilikuwa kazi safi, lazima nimpe haki yake. Aliwaambia wageni, mnaona, zamani wangekuja na bunduki. Wageni wakaandika. Akamwambia Ekai apite kila boma, kuanzia hili la mwenyekiti, ili watu waone hakuna linalofichwa. Ekai akapita kwenye ile njia yangu. Alipofika kwenye kona ya banda alichutama. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba mgeni mmoja aliuliza kama anasali. Kisha akarudi, akaja mpaka barazani nilipokuwa nimeshika birika, akasimama mbele yangu, mbele ya wote.

"Katibu," akasema, "umeona chochote asubuhi hii?"

"Sijaona," nikasema.

Akakubali kwa kichwa, akatoka. Jioni ile nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko ule uliosifiwa na wote: nyayo zilipotelea kwenye barabara ya watu wote. Siku tatu Ekai alikuja ofisini kila asubuhi, akaketi kwenye kiti chake karibu na changu, na hakuwa na la kusomewa. Alikaa tu. Niliandika orodha ambazo hazikuhitajika, nikafuta meza isiyo na unga. Siku ya kwanza nilimletea mahindi yake, akala. Siku ya pili akala kidogo. Siku ya tatu mwenyekiti akafunga jambo, mimi nikasoma uamuzi kwa sauti, Ekai akatia kidole gumba, akaiweka kofia kichwani na kwenda zake. Wiki moja baadaye mmoja wa wazee wao akatuambia, kama habari ya mvua, kwamba wamemnyang'anya fimbo. Nyayo zilinyamaza, na yeye akanyamaza. Hatasema tena mbele ya watu.

Baada yake hakukuwa na mtu kule chini wa kuwazuia waliotaka bunduki. Mambo yaliyofuata wenyeji wanayajua. Viazi vilioza ardhini kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuvichimba, kinu kikafungwa, na waliokufa sitawataja hapa kwa sababu kila mmoja ana wenyewe, na mimi si mtu wa kuyataja majina yao. Ng'ombe saba. Mwiti alikuwa amewapakia alfajiri ile ile, na walishafika machinjioni kabla chai ya wageni haijapoa. Mwenyewe alikuja kujisifia, miaka mingi baadaye, akiwa amelewa, harusini.

Na Mwalimu, je, alijua? Watu wakinihurumia huniambia labda hakujua. Mchana mmoja, wiki ile ile ya ziara, nilikuwa napembua maharagwe jikoni na wao wako sebuleni, na ukuta wa mbao hauzuii kitu. Nikamsikia akimwambia mkewe, taratibu, kama anayezungumzia ndama wa kuuza: "Huyu msichana aende chuo mapema. Akikaa hapa ataanza kufikiri." Mama Mwiti akasema sawa. Nikaendelea kupembua. Mwezi uliofuata nilikuwa chuoni na sanduku la bati na barua yenye sahihi nzuri. Nimefundisha miaka ishirini na saba kwa barua ile. Nimefundisha watoto wa Kianjai, wa Buuri, nimefundisha watoto wa Mwiti mwenyewe, na kila muhula kulikuwa na somo la kuishi pamoja kwa amani, na nililifundisha vizuri, na walipita. Kila Krismasi nilimpelekea Mwalimu zawadi. Alizoea kunitambulisha kwa wageni kama binti yake wa kamati.

Basi Alhamisi, baada ya kaburi kufunikwa, watu walipanga foleni ya chakula. Nilijaza sahani mbili, wali na kabeji na nyama, na kijiko cha maharagwe kwenye moja kwa bahati mbaya, nikampelekea Ekai pale nyuma ya hema. Nikaanza kuyatoa kwa uma. Akasema niache, siku hizi anakula, meno yamebaki ya maharagwe tu. Tukacheka kidogo. Nikamuuliza kilichomleta. Akasema alisikia tangazo redioni, na kwamba ni vizuri mtu kumwona mwenzake wa kamati akiingia ardhini. Alikuwa na wajukuu tisa. Fimbo hakurudishiwa. Alisema hivyo nilipomuuliza, bila uchungu, akitafuna. Nami nilikuwa nimejaa uchungu wa watu wawili, nikasema haraka kabla sijaogopa, kwamba kuna jambo la ile asubuhi sikuwahi kumwambia.

"Najua," akasema.

Akaweka sahani chini kwenye nyasi. Akaniambia kwamba ufagio wangu ulitoka mlangoni ukitembea mwepesi, mistari inafuatana vizuri, mistari ya mtu asiye na neno moyoni. Ulipofika kwenye kona ya banda ukasimama. Ndara yangu ya kulia ilikuwa imekatika kisigino, alisema, na ilisimama pale mpaka ikazama. Halafu ikageuka kuelekea jikoni. Halafu ikarudi. Na kutoka hapo mpaka barabarani ufagio ulikuwa unakwaruza, unachimba, ukitoa na mawe. Miaka thelathini na moja alikuwa amebeba ndara yangu kichwani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Angesema, angebaki na fimbo yake. Watu wake wangemsikia.

"Ningesema, ni wewe ungelala katika nyumba ile usiku huo. Si mimi," akasema. "Nikaona heri useme mwenyewe, pale ofisini, ukiwa umetoka kwao. Nikangoja siku tatu."

Wasichana wa jikoni walikuwa wanapita wakikusanya sahani. Ekai akachukua kofia yake, akaipangusa, akainuka kwa kujishika goti.

"Na leo walipokupa kile chombo cha kusemea," akasema, "nikajiambia, sasa Gitonga amekufa. Nikangoja tena."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. Akaniaga kwa mkono, Katibu, akaniita, bado ananiita hivyo, akaenda langoni, anaangalia chini anapokanyaga.

Nimekaa na jambo hili siku tano. Nimetafuta daftari la kamati, sijalipata, nadhani lilikwenda na ile ofisi. Kwa hiyo naandika upya mstari niliopaswa kuandika. Ng'ombe saba wa mama yake Ekai waliingia katika boma la mwenyekiti kwa njia ya pembeni, wakaelekea banda la chini, wakapakiwa kwenye lori. Nyayo zilionekana. Aliyeziona ni katibu, na aliyezifagia ni katibu. Nimeweka sahihi yangu, mwandiko ni ule ule mzuri.

Ekai hajui kusoma; alichongoja ni sauti yangu. Nililijua hilo nilipoketi kuandika.